Mpya, Haijaoshwa

Siku Bi Raihana alipofariki, kofia yake ya mwisho ilikuwa mnadani.

Alikata roho asubuhi, jua halijafika bado kwenye ua wa ndani, mkono wake umo mkononi mwa Khairiya, bintiye. Kabla ya adhuhuri nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Khairiya na Bi Hayat, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ndio waliomwosha. Khairiya alimimina maji, Bi Hayat akapitisha mkono, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto aliyelala na hataki kumwamsha. Ncha za vidole vya marehemu zilikuwa na sugu pale sindano ilipozoea kupita. Sugu zile hazikulainika kwa maji.

Baada ya sala ya alasiri wanaume waliinua jeneza. Tahalili ilitoka mlangoni ikashuka uchochoroni kuelekea makaburini, na wanawake walibaki ndani wakilia kwa sauti ya chini. Hapo ndipo simu ya Khairiya iliposikika kabatini. Haikulia kama mtu anapiga. Iligonga kengele ya haraka haraka, mlio wa ile tovuti ya mnada unaosema: kimeuzwa.

"Ni nani huyo asiyejua kuna msiba?" mwanamke mmoja akauliza.

Khairiya aliinuka, akaizima simu bila kuitazama, akarudi kukaa mkekani. Alikuwa amesahau kabisa kwamba siku ile ilikuwa Alhamisi.

Kwa miaka mitatu Alhamisi ilikuwa siku yao. Bi Raihana alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile kofia nyeupe ambazo kila ua lake ni kundi la matundu madogo yaliyotobolewa kwa sindano nene na kuzungushiwa uzi, tundu moja baada ya jingine, mpaka mtu akiinua kofia juu ya mwanga huona nyota. Maduka ya hapa Amu, yaani Lamu, yalipokuja kujazwa kofia za mashine, Khairiya alimwambia mama yake wazipeleke mtandaoni, kwenye tovuti ya mnada ambako mtu yeyote nchini anaweza kutoa bei kutoka popote alipo. Bi Raihana hakuelewa bei inapanda vipi na hakuna watu wamesimama. Lakini aliweka sharti moja: mnada ufungwe baada ya alasiri, watu wameshaamka usingizi wa mchana na akili zimetulia.

"Mtu asinunue kofia yangu na usingizi," alisema.

Khairiya ndiye aliyepiga picha, akaandika maelezo, akafunga vifurushi na kuzungumza na wanunuzi. Na wanunuzi, Mungu awasamehe, walikuwa na vituko. Wengi walikuwa watu wema waliolipa na kushukuru. Lakini hao mtu hawakumbuki. Anaowakumbuka ni wale wengine. Kulikuwa na mtu aliyepandisha bei mpaka akawashinda wote, kisha akatoweka, simu hashiki, ujumbe hajibu, na kofia imeshakosa mnunuzi wa kweli. Bi Raihana alimpa jina la Bwana Hewa. Kulikuwa na mwanamke aliyeshinda mnada, kisha akauliza bei ya mwisho ni ipi, kana kwamba mnada wote ulikuwa salamu tu. Huyo akaitwa Bi Punguza. Na kulikuwa na kijana wa mji mmoja wa bara aliyelalamika kwamba mzigo haukumfikia, akarudishiwa pesa zake na tovuti, na siku ya Idi akaweka picha yake mtandaoni amevaa kofia ile ile.

Khairiya alimwonyesha mama yake picha ile kwa hasira. Bi Raihana aliitazama kwa muda, akasogeza miwani.

"Amevaa mzigo ambao haukufika," alisema. "Huyo ni walii. Hiyo ni karama."

Akacheka mpaka akaweka sindano chini. Tangu siku hiyo, kila Khairiya alipochukua simu, mama yake aliuliza kutoka kwenye kiti chake, "Yeo umepata nani? Hewa, Punguza, au walii?"

Kofia ya mwisho alianza kuishona akiwa mzima, akaimaliza akiwa mgonjwa. Kwa upande mmoja viua vilikuwa vidogo na vimebana, kama alivyojulikana. Kwa upande wa pili, kadiri mkono ulivyochoka, vilianza kuwa vikubwa kidogo, na uzi umelegea. Asiyejua asingeona. Bi Raihana aliona, akasema, "Hii usiipandishe bei sana, upande huu nimeushona nimelala."

Khairiya aliipiga picha ikiwa mapajani mwa mama. Bi Raihana hakuwahi kukubali kupigwa picha maisha yake yote, si harusini, si popote. "Piga kofia," alisema siku hiyo pia. "Mimi niondoe. Sitaki mato ya watu yanitazame." Picha ilipotoka, kidole gumba chake kilikuwa kimeingia pembeni, kimeushika ukingo wa kofia.

"Likate dole hilo."

"Mama, nani atatazama kidole?"

"Likate, nakwambia."

Khairiya alisema atalikata. Halafu akina Bi Hayat wakaingia, maneno yakawa mengine, na picha ikaenda mtandaoni na kidole chake. Chini yake aliandika maelezo aliyoyaandika siku zote: *Kofia ya viua, kazi ya mkono, Amu. Mpya, haijaoshwa.*

Kwa mtu wa hapa maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo dhamana. Kofia ya mkono hushonwa kwa miezi. Maua huchorwa kwa penseli kwanza, na kitambaa hushikwa kila siku na mikono yenye jasho, yenye mafuta, iliyotoka kumenya vitunguu. Inapokwisha haiwi nyeupe. Huwa na mistari ya penseli na weusi weusi wa vidole. Mnunuzi ndiye anayeiosha kwa mara ya kwanza, akaitia wanga, akaivalisha faroma, lile gogo la mti lililochongwa kwa kipimo cha kichwa chake, ikakauka hapo. Hakuna anayevaa kofia kabla ya hayo. Kwa hiyo kofia iliyooshwa humtia mtu shaka kwamba ina mwenyewe, na kofia chafu ni mpya. Khairiya alikulia ndani ya desturi hiyo na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali inahitaji kuelezwa.

Siku ya tatu, baada ya hitima, alipowasha simu aliona jina la mnunuzi. Hudson, wa Nairobi. Alikuwa ameshalipa.

Jamaludin, mdogo wake, alikuwa amekaa sebuleni amechoka, bado amevaa kanzu. Kazi yake ilikuwa kuvusha wageni kwa boti kati ya Shela na hoteli za Ras Kitau, lakini tangu msiba hakuwa ameenda. Khairiya alimwonyesha simu.

"Mnada ulifungwa wakati mnamzika," alisema. "Mama hakuwa na mali tena saa ile, Jamaludin. Kofia ilikuwa ya urithi. Yangu na yako."

"Najua."

"Kwa hiyo hatulazimiki."

Jamaludin alifikiri. "Mama angesema nini?"

Hilo ndilo swali ambalo Khairiya hakutaka kuulizwa, kwa sababu jibu alikuwa nalo. Mara ngapi alimsikia: mtu akishakubaliwa bei yake, kofia si yetu tena, hata kama bado i mikononi mwetu.

"Mimi nimeridhia iende," alisema Jamaludin. "Lakini na wewe ridhia. Usiitume halafu ukalia."

Khairiya alisema ameridhia. Aliifunga kofia kwenye karatasi laini. Kabla ya kufunga boksi aliinamisha uso, akainusa. Ilinuka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na asumini, yale aliyojipaka mama yake nywele kila Ijumaa. Kisha akafunga, akaipeleka ofisi ya vifurushi iliyo nyuma ya barabara ya pwani, na kwa siku nyingi alitembea ndani ya nyumba akihisi kuna kitu amekiacha wazi.

Simu ya Hudson ilikuja asubuhi moja akiwa anachambua mchele.

"Hallo, ni madam wa kofia?"

"Ni mimi. Ni nani mwenzangu?"

"Hudson, Nairobi. Nina duka la vitu vya mapambo, vitu vya pwani, milango, masanduku, unaelewa. Sasa madam, hii ni nini umenitumia?"

"Kofia."

"Kofia naona ni kofia. Ni chafu! Ina penseli, ina madoa. Wewe uliandika mpya. Hii imevaliwa na watu."

"Haijavaliwa na mtu. Haijaoshwa tu. Nimeandika hapo, haijaoshwa."

"Si ndiyo hiyo? Umekubali mwenyewe, kwa maandishi." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayefanya biashara. "Halafu inanuka."

Khairiya aliweka ungo chini. "Inanuka nini?"

"Mafuta. Sijui ya nini, ya nywele."

"Bado inanuka?"

Hudson hakutegemea swali hilo. "Inanuka kabisa," alisema. "Kwa hivyo tusisumbuane. Nirudishie nusu ya pesa, mimi niiuze hivyo hivyo, na nyota zako tano nitakupa."

"Hapana. Irudishe."

"Nusu tu, madam."

"Nitakurudishia zote, na gharama ya kutuma nitalipa mimi. Irudishe kofia. Tafadhali."

"Zote?" Sauti ya Hudson ilipungua kasi. "Kwani iko na nini hii kofia?"

Na Khairiya, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amezungumza na kila aina ya mnunuzi na hakuwahi kuwaambia habari za nyumbani kwake, akamwambia. Alikuwa na huzuni, na mtu huyu alikuwa ameshika mikononi kitu chenye harufu ya mama yake. Alimwambia kwamba aliyeishona amefariki, kwamba ni mama yake, kwamba alikuwa akijulikana mji mzima kwa viua vyake, na hiyo ndiyo ya mwisho na hakutakuwa na nyingine.

"Woi, pole sana," alisema Hudson. Ilikuwa sauti laini, ya mtu aliyelelewa vizuri. "Pole sana, madam. Sikujua. Basi nitairudisha. Hiyo ni haki yako."

Khairiya alimshukuru mara mbili. Alipokata simu alimwita Bi Hayat kupitia dirishani, akamwambia kofia ya mama inarudi, na Bi Hayat akasema alhamdulillahi. Siku hiyo alikula chakula cha mchana chote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. Alilitoa faroma la mama kabatini, akalipangusa vumbi, akaliweka juu ya meza. Hakuwa na nia ya kuiosha kofia. Alitaka iwe na mahali pa kukaa.

Boksi lilipofika, mfanyakazi wa ofisi ya vifurushi, Rael, alimpigia mwenyewe. Rael alikuwa mwanamke wa bara aliyekaa Amu kiasi cha kuamkia watu vizuri na kulalamikia joto vibaya, na vifurushi vyote vya Bi Raihana vilikuwa vimepita mikononi mwake.

"Bi Khairiya, imefika. Kuja kabla sijafunga, ama nitaivaa mimi."

"Ukiivaa utaitwa Bwana Rael."

"Niitwe tu. Mabwana ndio hulipwa vizuri."

Khairiya alifungulia pale pale kaunta, kwa mkasi wa Rael. Alitoa karatasi, akatoa kofia, akaishika. Ilikuwa nyeupe sana. Ilikuwa nyepesi. Maua yake yalikuwa sawasawa yote, yamefuatana kama matofali, na ndani, pale kofia ya mkono inapokuwa na ncha za uzi, palikuwa na kitambaa laini kilichobandikwa. Ilikuwa kofia ya mashine, zile zinazouzwa kwa mafungu.

Aliigeuza. Akatazama tena ndani ya boksi. Akaipeleka puani, ingawa alikwishajua.

"Si hii?" Rael aliuliza.

"Si hii."

"Labda amechanganya. Ana duka, labda amekosea."

Walimpigia Hudson hapo hapo, Rael akiwa ameegemea kaunta kusikiliza. Hudson alisema ametuma kile alichotumiwa. Khairiya akasema umenitumia kofia ya mashine. Hudson akasema, "Madam, kofia ni kofia. Wewe uliuza kofia, nimerudisha kofia." Kisha hakushika tena simu, wala ya Khairiya wala ya Rael.

Khairiya aliandika malalamiko kwenye tovuti. Aliyekuwa akimjibu alijiita Michelle wa Huduma kwa Wateja, na majibu yake yalikuwa ya adabu tupu. *Habari Khairiya. Pole kwa usumbufu. Tafadhali tuma video inayoonyesha kifurushi kikifunguliwa.* Video hakuwa nayo. Nani anayefungua kitu cha mama yake huku anajipiga video? Rael aliandika ujumbe kwa jina lake mwenyewe, kwamba aliona kwa macho yake. *Asante Khairiya. Mfanyakazi wa ofisi ya vifurushi si mhusika wa mauzo haya. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba mnunuzi alirudisha bidhaa na amerudishiwa pesa zake. Kumbukumbu zetu zinaonyesha pia kwamba maelezo yako yalikiri bidhaa ilikuwa haijaoshwa. Kesi hii imefungwa. Tungependa kujua, umeridhika kiasi gani na huduma yetu leo?* Chini palikuwa na nyuso tano za kuchagua, kuanzia unaolia mpaka unaocheka.

Jamaludin alisoma ujumbe ule mara mbili. "Mjibu umwambie atuletee huo unaolia tuutie kwenye fremu," alisema. Khairiya alicheka, kicheko kikamgeukia katikati, ikabidi aingie chumbani.

Faroma lilibaki mezani. Bi Hayat alishauri lirudishwe kabatini, kwamba kitu kilicho wazi hivyo kinamtia mtu simanzi. Khairiya alisema ndiyo, hakulirudisha.

Baadaye, msimu wa maulidi ulipokaribia na watu wakaanza kutafuta kofia, aliiona. Alikuwa akipitia tovuti kutazama bei za wengine. Picha ilikuwa nzuri kuliko alizopiga yeye, imepigwa juu ya kitambaa cheusi. Kofia ilikuwa imeoshwa, imetiwa wanga, imesimama kama ya bwana harusi. Mistari ya penseli haikuwepo. Weusi wa vidole haukuwepo. Lakini upande wa kulia viua vilikuwa vidogo vimebana, na upande wa kushoto vikaanza kuwa vikubwa kidogo, na uzi umelegea. Upande ambao mama alisema ameushona amelala.

Maelezo yalisema: *Kofia ya mwisho iliyoshonwa na bingwa wa Lamu kabla ya kufariki. Alijulikana mji mzima. Hakutakuwa na nyingine. Safi kabisa.*

Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Aliyasema akiwa amekaa na ungo wa mchele, kwa mtu aliyemwambia pole.

Alimwandikia Michelle. Kesi imefungwa, Michelle akasema, na muuzaji huyu ana nyota tano. Akaandika kwenye sehemu ya maswali, mbele ya kila mtu: *Kofia hii ilishonwa na mama yangu, Bi Raihana wa mtaa wa Mkomani. Nilirudishiwa ya mashine badala yake.* Swali lilikaa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha likafutwa. Alipojaribu tena, akaambiwa muuzaji huyu hapokei maswali kutoka kwake. Kutoa bei, hata hivyo, aliruhusiwa. Pesa hazikufungiwa mlango.

Mnada wa Hudson ulifungwa jioni, kabla ya magharibi. Khairiya na Jamaludin walikaa mlangoni, kwenye daka, kila mmoja kwenye kiti chake cha mawe, simu imewekwa katikati. Kulikuwa na akiba ndogo ya kutengeneza dari la chumba cha juu lililokuwa likivuja. Khairiya aliitoa yote. Aliweka bei yake, na kwa kitambo jina lake lilikuwa juu ya majina yote. Bi Hayat alitoa kichwa dirishani.

"Ni ya nani sasa?"

"Bado yetu," alisema Jamaludin.

Halafu mtu akapandisha. Hakuwa na jina, alikuwa herufi mbili na vinyota. Khairiya akapandisha kwa kile kidogo kilichobaki. Herufi mbili zikapandisha tena, papo hapo, bila kufikiri, kama mtu anayefukuza nzi.

"Imekwisha," alisema Khairiya. "Sina zaidi."

Jamaludin alichukua simu. "Weka bei ya mbinguni."

"Kwa pesa gani?"

"Bila pesa! Dada, tumharibie. Weka bei ambayo hakuna mwenda wazimu atakayeifikia. Tushinde. Halafu tusilipe. Apige simu mpaka vidole viote sugu. Huyo wa herufi mbili atakwenda zake, na kofia ibaki inaoza dukani kwake. Siku moja atachoka, atakuuzia kwa bei ya pilipili."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kioo. Khairiya aliona ni jambo rahisi, na aliona linaweza kufaulu. Mtu kama Hudson ndiye hasa aliyestahili. Muda uliobaki ulikuwa ukihesabika kwa rangi nyekundu juu ya picha ya kofia.

"Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulisomeshwa, Jamaludin," alisema. "Anayepandisha bei na hana nia ya kununua. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Lakini tulisomeshwa pia habari za mwizi."

"Mwizi ni yeye. Mimi nikishinda kofia ya mama kwa njia hiyo, nitakuwa nani?"

Kidole cha Jamaludin kilibaki juu ya kioo.

"Nitakuwa Bwana Hewa," alisema Khairiya. "Na mama angekuwepo akaniuliza, yeo umepata nani? Nimwambie nimejipata mwenyewe?"

Jamaludin aliitazama simu, akamtazama dada yake, akairudisha pale katikati, kifudifudi. Walikaa. Punda aliyebeba mchanga alipita, mwenye punda akawasalimu, wakaitikia. Kengele haikulia, kwa sababu kengele humlilia muuzaji na mshindi tu. Waliposikia adhana ya magharibi walijua.

Khairiya aliingia ndani. Alichukua lile faroma mezani, akalirudisha kabatini, akafunga.

Ile kofia ya mashine anaivaa Jamaludin kazini, inamkinga jua akivuka kwenda Ras Kitau. Wageni wakimwuliza inaitwaje huwaambia ni Hudson, nao hulitamka jina hilo kwa uangalifu mkubwa, wakidhani ni neno la Kiamu.

Ile nyingine iko kichwani kwa mtu wa herufi mbili, au ukutani kwake. Tangazo la kwanza, la Khairiya, bado liko kwenye tovuti, chini kabisa ya orodha yake. Limeandikwa *Imeuzwa*. Ukilifungua unaona kofia mapajani, mistari ya penseli bado ipo, na pembeni kidole gumba kimeushika ukingo. Hakuna picha nyingine ya Bi Raihana.

Khairiya sasa anashona mwenyewe, na viua vyake bado ni vikubwa. Bi Hayat anamsaidia kuchora maua. Anapiga video ya kila kifurushi anachokifunga, na katika maelezo ameongeza mistari miwili inayoeleza kofia huoshwa lini na nani. Maneno mpya, haijaoshwa, ameyaacha. Mnada wake hufungwa Alhamisi, baada ya alasiri.